Rangi ya Farasi si Mbari Yake: Namna ya Kutenganisha Mambo Haya Mawili

Ukiuliza farasi ni wa mbari gani ukajibiwa "ni palomino" au "ni pinto", bado hujajibiwa. Umeambiwa manyoya yake yakoje, hujaambiwa wazazi wake ni akina nani. Ni sawa na kuuliza ng'ombe ni wa mbari gani ukaambiwa ni mwekundu. Kosa hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowafanya watu walipe bei ya nasaba kwa farasi mwenye rangi nzuri tu. Ndilo pia linalowafanya wapandishe dume na jike wasiofaa kupandishana, mtoto akazaliwa mzima kwa macho na kufa ndani ya siku tatu.

Shika jambo moja kabla ya yote: rangi unaisoma mwilini mwa farasi, mbari unaisoma kwenye daftari la nasaba. Mwili unaweza kukudokezea mbari, lakini kudokeza si kuthibitisha. Kwa hiyo unapomkagua farasi, chukua karatasi mbili. Ya kwanza andika RANGI, ya pili MBARI, na usiruhusu neno la karatasi moja lihamie kwenye nyingine.

Majina yanayochanganywa kila siku

Mbari ni kundi la farasi waliozalishwa kwa vizazi vingi chini ya daftari moja, hata umbo, mwendo na tabia zikafanana. Daftari la farasi wa mbio wa Thoroughbred lilitoa juzuu lake la kwanza Uingereza mwaka 1793. La farasi wa Friesian wa Uholanzi lilianza mwaka 1879. Kuingia humo ni kwa njia ya wazazi: baba na mama wawe wameandikwa. Rangi haifuati daftari. Ni kazi ya jeni chache tu, na jeni hizo hizo zimetawanyika katika mbari nyingi zisizo na undugu wa karibu.

Palomino, bakiskini, dani, roani, kijivu, kremelo, pinto, tobiano: yote haya ni majina ya rangi au ya mpangilio wa rangi. Friesian, Haflinger, Lipizzaner, Knabstrupper, Akhal-Teke, Fjord, farasi wa Kiarabu: hizi ni mbari.

Kinachovuruga watu ni kwamba zipo jumuiya zinazosajili rangi yenyewe. Nchini Marekani, Palomino Horse Breeders of America ilianzishwa mwaka 1941, na Pinto Horse Association of America mwaka 1956. Cheti cha jumuiya ya namna hii ni cheti halali, ila kinashuhudia rangi kwanza. Farasi wawili wenye cheti cha pinto wanaweza kuwa mmoja mwenye damu ya Kiarabu na mwingine farasi mdogo kabisa wa kufugwa kama kipenzi. Soma kichwa cha cheti, kisha tafuta mstari unaotaja mbari na majina ya wazazi. Usipouona mstari huo, karatasi ya MBARI bado ni tupu.

Jozi mbili zinahitaji uangalifu kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni pinto na Paint. Pinto ni farasi yeyote mwenye mabaka makubwa meupe juu ya rangi nyingine, awe wa mbari yoyote au chotara. Paint ni mbari ya Marekani, na jumuiya yake, American Paint Horse Association, iliundwa mwaka 1965. Ili aandikwe humo, farasi sharti awe na wazazi waliosajiliwa kama Paint, Quarter Horse au Thoroughbred. Kwa hiyo Paint mwenye mabaka anaweza kuitwa pinto kwa rangi, lakini pinto hawi Paint kwa sababu ya mabaka. Tena yupo Paint asiye na baka hata moja: amezaliwa na wazazi halali, rangi ikakosekana, naye huandikwa katika kundi lake ndani ya daftari hilo hilo. Mtu anayetazama manyoya peke yake atawakosea wote wawili.

Jozi ya pili ni Appaloosa na farasi yeyote mwenye madoa. Nitalirudia hili mbele, maana lina ukaguzi wake.

Mtayarishe farasi kabla ya kumsoma

Msimamishe mahali tambarare, mchana, penye mwanga mwingi usio wa jua la kuchwea. Jua la jioni humpa kila farasi rangi ya dhahabu, na picha nyingi za kuuzia hupigwa saa hizo. Mvue blanketi. Mpige brashi vumbi litoke, kisha andaa ndoo ya maji na kitambaa, kwa sababu sehemu kadhaa utahitaji kuzilowesha. Kama manyoya ni marefu ya msimu wa baridi, jua kwamba rangi inaweza kuwa imefifia au imekolea tofauti na ya kiangazi. Roani na dani hubadilika sana kati ya misimu.

Mtoto wa farasi msome kwa tahadhari. Anayekuja kuwa mweusi mara nyingi huzaliwa na rangi ya panya. Mwenye miguu itakayokuwa myeusi huzaliwa na miguu iliyopauka. Andika rangi ya muda, kisha mwangalie tena akishapukutisha manyoya ya kuzaliwa, kwa kawaida baada ya miezi 3 au 4.

Anza na msingi

Manyoya ya farasi hujengwa kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, na mengine yote ni kuzipunguza, kuzichanganya au kuzifunika. Kwa hiyo usianze na kiwiliwili. Anza na miguu kuanzia goti kushuka chini, kisha singa, yaani nywele ndefu za shingoni na mkiani.

Mwili wa kahawia au mwekundu wenye singa nyeusi na miguu myeusi ni hudhurungi wa ncha nyeusi, ambaye wapanda farasi wengi humwita bei. Kama hakuna unywele mweusi popote, hata miguuni, huyo ni mwekundu, kuanzia wekundu wa shaba hadi ule uliokolea kama ini. Mweusi ni mweusi kila mahali.

Hapa makosa ni mawili. Mweusi aliyechomwa na jua na jasho hugeuka kahawia mgongoni na mbavuni, akaonekana bei. Fungua manyoya ya ubavuni kwa vidole utazame shina la unywele karibu na ngozi, utakuta ni jeusi. Na mwekundu aliyekolea sana huonekana mweusi kwa mbali. Tazama nywele fupi juu tu ya kwato, utaona wekundu. Ukishaandika msingi, umemaliza sehemu ambayo watu huiruka na baadaye kukwama.

Waliopauka: palomino, bakiskini, dani na wengine

Jeni moja ya krimu juu ya mwekundu humfanya palomino: mwili wa dhahabu, singa nyeupe au karibu nyeupe. Jeni hiyo moja juu ya bei humfanya bakiskini: mwili wa rangi ya mchanga au dhahabu, singa na miguu vikibaki vyeusi. Juu ya mweusi, mara nyingi huoni kitu, na farasi anabaki kuonekana mweusi huku akiibeba.

Nakala mbili za krimu juu ya mwekundu humtoa kremelo: manyoya ya rangi ya maziwa, ngozi ya waridi, macho ya buluu iliyofifia. Watu humwita zeruzeru. Si kweli, ana rangi kidogo bado, na uzeruzeru kamili haujapata kuthibitishwa kwa farasi.

Hesabu hii ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi kwamba palomino si mbari. Mpandishe palomino kwa palomino: kwa wastani robo ya watoto watakuwa wekundu, nusu palomino, robo kremelo. Mbari huzaa mbari yake kila mara. Friesian na Friesian hawazai Haflinger. Mpandishe mwekundu kwa kremelo, watoto wote ni palomino, hata kama wazazi ni wa mbari mbili zisizohusiana.

Haflinger ndiye anayedhaniwa palomino kuliko farasi wote. Mbari hii ya Tyrol, eneo la milima la Austria na Italia, ambayo mistari yake ya madume inarudi kwa dume aitwaye 249 Folie aliyezaliwa mwaka 1874, ni ya farasi wekundu wenye singa nyeupe. Mwili ni wa dhahabu iliyokolea, lakini krimu haimo. Ukitaka kuwatofautisha, usitazame singa kwa sababu zinafanana, tazama mwili. Wa Haflinger una wekundu ndani yake, hasa mapajani na shingoni, ilhali palomino ana njano. Pakibaki shaka, kipimo cha vinasaba kinaimaliza.

Bakiskini na dani huchanganywa hata na wazoefu. Dani ni jeni nyingine kabisa, nayo huja na alama: mstari mweusi au mwekundu wa mgongoni ulionyooka kutoka penye singa hadi ndani ya mkia, milia ya kupingana miguuni karibu na magoti, na wakati mwingine kivuli mabegani. Lowesha mgongo kwa kitambaa, ulaze manyoya, kisha tazama kingo za mstari. Wa dani una kingo kali kama zilizochorwa, na unaingia mkiani. Bakiskini anaweza kuwa na kivuli cheusi mgongoni, lakini kingo zake zimefifia na kinaishia njiani. Kama kuna mstari mkali bila milia miguuni, endelea kutafuta milia. Mara nyingi ipo upande wa ndani wa mguu wa mbele.

Fjord wa Norwei wote ni dani, takriban asilimia 90 wakiwa dani wa kahawia. Lakini dani wapo pia kati ya Quarter Horse, farasi wa Iceland na wengine wengi. Mbari inaweza kuwa na rangi moja. Rangi haiwi na mbari moja.

Kijivu, mweupe na roani

Hapa ndipo kidole gumba kinapofanya kazi kuliko macho. Farasi anaonekana mweupe pepe. Lowesha pua yake na eneo lililozunguka jicho, kisha fungua manyoya. Ngozi nyeusi maana yake ni kijivu: alizaliwa na rangi nyingine, na manyoya yamekuwa yakigeuka meupe mwaka baada ya mwaka. Ngozi ya waridi mwili mzima na macho ya buluu maana yake ni kremelo au ndugu zake wa krimu mbili. Ngozi ya waridi na macho meusi, huyo huenda ni mweupe wa kuzaliwa, ambao ni wachache.

Kijivu kina sheria moja inayosaidia sana: lazima mzazi mmoja awe kijivu. Mtoto aliyeandikwa kijivu kwa wazazi wasio kijivu ana kosa mahali fulani, ama la rangi ama la mzazi. Mtoto atakayekuwa kijivu utamtambua mapema kwa nywele nyeupe zinazozunguka macho kama miwani. Mwandike kwa rangi aliyozaliwa nayo na uongeze "anageuka kijivu". Asipoandikwa hivyo, akiwa na miaka 10 atakuwa na hati inayosema bei na mwili mweupe, na mnunuzi atadhani hati ni ya farasi mwingine. Vijivu pia huota uvimbe wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, kwa wingi wanapozeeka, hasa chini ya mkia na midomoni, kwa hiyo rangi hii haifai kuandikwa kimakosa.

Lipizzaner wanajulikana kama "farasi weupe". Ni vijivu, watoto wao huzaliwa weusi au kahawia, na mara chache mmoja hubaki bei maisha yake yote bila kupungukiwa na ulipizzaner wake.

Roani ni nywele nyeupe zilizochanganyika na za rangi mwilini kote, huku kichwa na miguu ya chini vikibaki na rangi kamili. Huo ndio ukaguzi: kichwa. Kijivu huanza kung'aa kichwani. Roani huwa mweusi au mwekundu kichwani siku zote. Tafuta makovu ya zamani pia. Roani akikwaruzwa, manyoya huota yakiwa na rangi kamili bila nywele nyeupe, kwa hiyo mwili wake hujaa vialama vyeusi vidogo vya mikwaruzo ya miaka. Tena roani haendelei kuwa mweupe. Alivyokuwa akiwa na miaka 3 ndivyo alivyo akiwa na miaka 15, ukiacha mabadiliko ya misimu.

Mabaka makubwa meupe

Usihesabu mabaka. Tazama weupe unavuka wapi, kingo zake zikoje, na miguu na uso vikoje. Anza mgongoni, kati ya mabega na mkia. Tobiano huvuka mgongo. Kingo zake ni laini na za mviringo kama ramani iliyochorwa taratibu, miguu yote minne kwa kawaida ni myeupe chini, na kichwa kina rangi kikiwa na alama za kawaida tu. Mkia mara nyingi una rangi mbili.

Weupe usiovuka mgongo, ukakaa ubavuni na shingoni kana kwamba umewekewa fremu ya rangi juu na chini, ndio unaoitwa fremu. Miguu huwa na rangi, uso huwa na weupe mpana, na macho ya buluu ni ya kawaida. Kingo zimeparuka. Sabino hupanda kutoka chini: soksi ndefu zenye ncha kama mkuki, weupe kidevuni, baka tumboni, na nywele nyeupe zilizotawanyika pembeni mwa mabaka. Splashi ni weupe wa kuchovya: farasi anaonekana kama amevushwa mto wa chokaa hadi tumboni, kingo kali, uso mweupe unaopanuka kuelekea puani, macho ya buluu. Baadhi ya splashi ni viziwi. Piga makofi nyuma yake akiwa ametulia, ukisimama mbali na mateke, uone kama masikio yanageuka. Neno overo hutumiwa kuvikusanya fremu, sabino na splashi, nami sipendi litumike peke yake kwenye hati. Linaficha kile unachopaswa kukijua.

Kinachopaswa kujulikana ni hiki. Jeni ya fremu ikirithiwa kutoka kwa baba na mama pamoja, mtoto huzaliwa mweupe, akiwa na utumbo usio na neva za kuusukuma. Ananyonya, anavimba, anaumwa tumbo ndani ya saa chache, na hakuna tiba. Ukipandisha fremu kwa fremu, uwezekano ni robo kwa kila mimba. Tena fremu hujificha: farasi mwenye alama ndogo usoni tu, au aliyefunikwa na tobiano, anaweza kuibeba. Quarter Horse waliosajiliwa wanaobeba fremu wapo, kwa hiyo "huyu si Paint" si kinga. Kabla ya kupandisha farasi yeyote mwenye weupe mwingi usoni au mwenye ndugu wa fremu, pima wote wawili. Mbebaji mmoja akipandishwa kwa asiyebeba, mtoto hana hatari hiyo.

Mipangilio hii huja pamoja pia. Tobiano mwenye macho ya buluu na uso mweupe kabisa ana kitu kingine ndani. Andika "tobiano na kingine, hajapimwa". Usikisie.

Madoa ya chui

Madoa ya duara juu ya weupe, au blanketi jeupe lenye madoa kiunoni, hutoka kwenye jeni iitwayo LP. Ukaguzi wake una alama tatu nje ya manyoya: ngozi yenye vidoadoa vya waridi na vyeusi puani, kuzunguka macho na sehemu za siri, weupe wa jicho unaoonekana kuzunguka mboni hata farasi akiwa ametulia, na kwato zenye milia ya wima hata kwenye mguu usio na soksi nyeupe. Ukiziona alama hizi kwa farasi asiye na doa hata moja, jeni ipo. Usizichanganye na vivuli vya duara vya kijivu anayeendelea kung'aa. Hivyo ni pete hafifu, ngozi chini ni nyeusi tupu, na hupotea kadiri miaka inavyopita.

Sasa kuhusu mbari. Appaloosa ni mbari iliyotokana na farasi wa Wanez Perce, kabila la wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa Marekani. Appaloosa Horse Club ilianzishwa mwaka 1938. Madoa hayo hayo yapo kwa Knabstrupper wa Denmark, ambao historia yao huanzia kwa jike mmoja mwaka 1812, kwa Noriker wa Austria, na kwa farasi wadogo wa aina mbalimbali. Na wapo Appaloosa waliosajiliwa wasio na doa. Kwa hiyo mwenye madoa bila hati mwite "mwenye mpangilio wa chui", na jina la Appaloosa liache mpaka hati ipatikane.

Kuna athari moja ya rangi hii ambayo mpandaji anatakiwa aijue. Farasi mwenye nakala mbili za LP, ambaye mara nyingi ana weupe mwingi na madoa machache sana, haoni gizani tangu kuzaliwa. Si ugonjwa unaozidi, lakini usimwendeshe usiku wala kumwingiza ghafla katika banda lenye giza.

LP pia humpausha farasi polepole bila madoa, akaonekana roani. Mtofautishe kwa mifupa: mfupa wa pua, wa shavu na wa nyonga hubaki na rangi iliyokolea huku sehemu nyingine zikipauka. Roani wa kweli kichwa chake kizima kina rangi.

Karatasi ya pili: mbari

Anza na hati. Linganisha hati na farasi aliye mbele yako: namba ya chipu (kidude cha utambulisho kilichowekwa chini ya ngozi) ukiisoma kwa mashine shingoni upande wa kushoto, alama nyeupe moja moja, na mizunguko ya manyoya kwenye paji la uso na shingoni, ambayo haibadiliki tangu kuzaliwa. Rangi peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba hati ni yake.

Bila hati, umbo linakupa dokezo. Uso uliobonyea katikati na mkia unaobebwa juu huelekeza kwenye damu ya Kiarabu. Ncha za masikio zinazopinda ndani hata kukutana huelekeza kwa Marwari wa India. Mapaja mazito na mwili mfupi ulioshikana huelekeza kwa Quarter Horse. Manyoya marefu kwenye vifundo, shingo iliyoinuka na magoti yanayopanda juu, kwa Friesian. Lakini farasi mweusi mwenye singa ndefu bila mambo hayo ni farasi mweusi tu. Mpime urefu kuanzia ardhini hadi kilele cha mabega, akiwa amesimama sawa. Mkono mmoja wa kipimo cha farasi ni sentimita 10.16, na kwa mashindano ya kimataifa farasi poni haruhusiwi kuzidi sentimita 148 bila viatu.

Rangi inasaidia mbari kwa njia moja tu: kukataa. Suffolk Punch waliosajiliwa wote ni wekundu, kwa hiyo Suffolk mweusi hayupo. Farasi wa Kiarabu wa nasaba safi hana krimu wala dani. Ukiuziwa palomino kama Mwarabu safi, ama si palomino ama si Mwarabu safi. Farasi wa Iceland wana karibu kila rangi unayoweza kuitaja, majina yakipita 100, lakini mpangilio wa chui hawana. Kukubali ni jambo jingine. Rangi haijawahi kumthibitisha farasi yeyote kuwa wa mbari fulani.

Kipimo cha vinasaba kipo cha aina mbili, na watu huagiza kisicho chake. Cha rangi kinakuambia jeni za krimu, dani, fremu, LP na nyingine zipo au hazipo. Majibu yake ni ya hakika. Cha asili hulinganisha farasi wako na mbari zilizomo katika hifadhi ya maabara na kutaja zinazokaribia. Kwa chotara wa vizazi vingi majibu huwa ya kukisia, nayo hayakubaliwi na daftari lolote badala ya wazazi. Kwa vyote viwili, chomoa nywele 20 hadi 30 za singa pamoja na mizizi yake. Zungushia nywele chache kidoleni karibu na ngozi na uvute kwa mpigo. Ukiona vifundo vyeupe vidogo mwishoni, umepata mizizi. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazina faida, maana kinachopimwa kiko kwenye mzizi. Mtoto ana mizizi myembamba, basi mtoe mkiani na uongeze idadi. Nywele za farasi wawili zisikutane katika bahasha moja.

Ukishamaliza, karatasi zako zisomeke hivi. RANGI: bei mwenye krimu moja (bakiskini), tobiano, ngozi nyeusi chini ya rangi na ya waridi chini ya mabaka, macho meusi, kwato za nyuma nyeupe, fremu imepimwa na haipo. MBARI: haijulikani, umbo la Quarter Horse, hati haijaonekana. Muuzaji akisisitiza kwamba ni Paint, mwombe namba ya usajili na majina ya baba na mama, uyaangalie kwa jumuiya yenyewe kabla ya fedha kutoka mkononi. Ikithibitika, jaza karatasi ya pili. Isipothibitika, iache kama ilivyo, na umlipe kama bakiskini tobiano.